Safu ya Katikati

Goreti,

Ukizikuta karatasi hizi ndani ya daftari la Keza usishtuke, hakuna aliyekufa. Ni mimi. Nimechomoa kurasa za katikati, zile zinazotoka mbilimbili bila kuharibu daftari, kwa hiyo mama yako asiniletee maneno. Mmekwenda Biryogo kuchukua gauni kwa fundi na kumsuka Keza nywele, na mama yako amesema mtarudi kabla ya giza. Nawajua wasusi wa Biryogo. Nina saa tatu nzima, na mimi nikipewa saa tatu naandika kitabu.

Herufi zangu ni kubwa, unazijua. Mkono huu ulibeba miaka mingi kabla ya kuandika. Lakini nimeamua kuandika kwa sababu kwa mdomo tumeshindwa. Leo ni siku ya kumi na nane hatusemezani. Jana ulisimama mlangoni pa jikoni, mimi nimekaa hapa kwenye kiti changu, hatua tatu kati yetu, ukamwambia mama yako, "Mama, mwambie Papa gari linaondoka Nyabugogo saa kumi na moja alfajiri." Nami nikamwambia, "Mwambie nimesikia." Mama yako akatutazama wote wawili akasema, "Mimi hapa ni mke au ni redio?" Keza peke yake ndiye aliyecheka.

Mambo ya safari siyagusi. Pasipoti ikae wapi, ule nini njiani, usimpe begi mtu usiyemjua akushikie, yote hayo mama yako amekuambia mara tatu na kesho atakuambia ya nne. Mimi nataka kusema juu ya lile jambo letu. Kesho unaondoka, na sitaki uondoke nalo likiwa limekwama.

Kwanza nikuambie linalonifurahisha, ulijue kabla ya mengine. Ulipopata ile nafasi ya Nairobi, miaka miwili kujifunza kuandika sheria, nilipita gereji zote za hapa Gikondo kuwaambia watu. Mafundi wengine walikuwa wamelala chini ya magari, nikainama nikawaambia hukohuko chini. "Binti yangu anakwenda kujifunza kuandika sheria." Mmoja akaniuliza, "Mzee Venansi, kwani sheria hazijaisha kuandikwa?" Nikamwambia wewe kaza nati zako. Kwa hiyo kwamba unakwenda, hilo sikulipinga hata dakika moja. Ulidhani napinga. Ni kosa langu kwamba ulidhani hivyo.

Ugomvi ulikuwa juu ya Keza. Wewe ulisema unakwenda naye. Mimi nikasema mtoto wa miaka minne anabaki hapa kwetu mpaka umalize masomo. Ukasema hapana. Nikaweka hapana yangu juu ya hapana yako. Na ulipoanza kunishinda, maana ulikuwa unanishinda, nikasema lile neno: "Ulimpata bila kuniuliza, sasa unampeleka bila kuniuliza." Ukaweka kikombe mezani taratibu, chai bado imejaa. Tangu siku ile hujanigeukia ukaniita Papa.

Nitarudi hapo. Kabla ya hapo nikupe hadithi moja ya kazini, na tafadhali usigune. Najua umezisikia hadithi zangu za Bungeni mpaka umezichoka. Lakini nilikuwa nachagua. Nilikuwa nakupa zile ambazo mwerevu ni mimi. Hii sikukupa, na mama yako anaijua nusu tu.

Mimi Bungeni niliingia kwa mgongo. Nilikuja Kigali kutoka Buyenzi kule Bujumbura nikijua kusoma jina langu na namba za malori, basi. Walitafuta watu wa kuhamisha meza. Meza ambayo wenzangu walibeba wawili mimi niliibeba peke yangu, ngazi zote, na bwana mmoja akasema huyu abaki. Ndivyo nilivyokuwa plantoni, miaka kumi na tisa, na sijawahi kupoteza karatasi hata moja. Kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili kutoka kwa wabunge kuyapeleka Seneti, na kutoka Seneti kuyarudisha kwa wabunge. Mswada unapita kwa wabunge kwanza. Wakiupitisha, nauchukua naupeleka kwa maseneta. Maseneta wakibadilisha neno, naurudisha. Wabunge wakilikubali lile neno, imekwisha. Wakilikataa, umekwama hapo. Hawa wana karatasi yao, wale wana yao, na nchi haiwezi kuwa na sheria moja ya namna mbili. Nakuambia bila kujisifu, hakuna mtu katika nchi hii aliyebeba sheria nyingi kuliko mimi. Kuzisoma ni jambo lingine.

Mswada ukikwama hivyo inaundwa kamati ya pamoja. Wabunge na maseneta wanakaa idadi sawa, saba kwa saba, hakuna wa ziada. Kwa hiyo hakuna kushindana kwa wingi. Wanazungumza mpaka wapate maneno ya tatu, ambayo si ya hawa wala si ya wale. Mimi nilikuwa mtu wa maji na chai katika chumba kile, na karani wa kamati alikuwa Madamu Imakulata.

Madamu Imakulata alikuwa mwanamke mdogo, sweta jua na mvua, hapandishi sauti. Karatasi yake ilikuwa na safu tatu. Kushoto maneno ya wabunge, kulia maneno ya maseneta, katikati hapana kitu. Siku ya kwanza nilidhani mashine imekosa wino, nikakusanya nakala zote kumi na nne nikazirudisha zikachapwe upya. Alicheka mpaka akavua miwani. "Venansi," akaniambia, "hiyo nyeupe ndiyo kazi yetu. Hizo mbili zenye maneno zilikuwepo kabla hatujaja."

Ni yeye aliyenifundisha kusoma. Wewe ulidhani nilijifunza kwa padri, niliwaambia hivyo kwa sababu padri ana heshima zaidi. Alikuwa ananipa nakala za zamani na kuniambia, "Tafuta mahali ambapo kushoto na kulia hapafanani." Huhitaji kujua kusoma ili kuona kwamba maneno mawili hayafanani, mwanangu. Unahitaji macho na ukaidi, na mimi nilikuwa na vyote viwili. Keza ameanza na neno mama. Mimi maneno yangu ya kwanza kuyasoma kwa Kinyarwanda yalikuwa *agomba*, yaani ni lazima, na *ashobora*, yaani anaweza. Maana ugomvi mwingi ulikaa hapo. Upande mmoja unataka watu walazimishwe, upande mwingine unataka waruhusiwe.

Sasa kulikuwa na mswada wa maji ya mapaa. Unajua mji wetu ulivyo, mvua inanyesha kwa jirani wa juu na mto unapita sebuleni kwa jirani wa chini. Mswada ulikuwa na vifungu kumi na kimoja. Kumi walikubaliana neno kwa neno. Mifereji ijengwe vipi, maji yaelekezwe wapi, yote sawa. Kilichobaki ni kifungu cha tano peke yake. Wabunge waliandika kwamba kila mwenye nyumba ni lazima aweke tangi la kukusanya maji ya paa lake. Maseneta waliandika kwamba anaweza. Neno moja. Nililiona mwenyewe kwenye karatasi, na nilijisifu kwa wenzangu kwamba nimeliona kabla ya Waheshimiwa.

Asubuhi ile walizungumza vizuri. Saa nne wakatoka kunywa chai, maseneta dirishani, wabunge karibu na mlango. Nikammiminia chai seneta mmoja mrefu, mzee wa kijijini, mcheshi, akaniambia, "Venansi, hawa wenzetu wanadhani kila paa la nchi hii ni bati jipya." Akacheka, nami nikacheka. Nikazunguka na sinia mpaka mlangoni. Pale alikuwepo mbunge mmoja mama, mwenye akili sana, akaniuliza kwa utani, "Wazee wanasemaje huko dirishani?"

Ningeweza kusema wanasema chai ni nzuri. Lakini Mheshimiwa alikuwa ananiuliza mimi, plantoni, mbele ya wenzake, na wote wamenyamaza kunisikiliza. Nikataka kuwa mtu. Nikasema, "Wanasema nyinyi ni watoto wa mjini, hamjawahi kuchota maji."

Yule mzee hakusema hivyo. Hakuna aliyesema hivyo. Nilitia chumvi yangu mwenyewe, na ilinoga kinywani, sikufichi.

Waliporudi chumbani yule mama hakuanza na kifungu cha tano. Alianza na cha pili, ambacho kilikuwa kimekwisha, akasema sasa ana mashaka nacho. Seneta mrefu akashangaa, kisha akakasirika, akasema kama ni hivyo hata yeye ana mashaka na cha saba. Mwingine akakumbuka cha tisa. Mimi nimesimama pembeni na birika, naona. Asubuhi kilikuwa kimekwama kifungu kimoja, na kufika alasiri hapakuwa na kifungu hata kimoja chenye amani. Wakaahirisha. Wiki tatu hawakukaa tena.

Siku za kwanza nilijiambia haikuwa mimi, ni wao na tabia zao. Unajua ninavyojua kujiambia mambo. Siku ya nne nikaenda kwa Madamu Imakulata nikamweleza. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimekwisha kuvaa shati zuri ili nifukuzwe vizuri.

Aliuliza kitu kimoja tu. "Alisema nini, na wewe uliongeza nini? Nitenganishie."

Nikamtenganishia.

"Sasa nenda ukawatenganishie wao."

Nikamwambia, "Madamu, afadhali unifukuze."

"Najua," akasema. "Nenda."

Nikaenda. Seneta mrefu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe tulikuwa na seneta wa ishirini na saba," akasema, maana wao ni ishirini na sita. Yule mama hakucheka. Akaniambia, "Mimi nimechota maji kwa kichwa mpaka siku niliyoolewa, Venansi. Ndiyo maana nataka kila nyumba iwe na tangi. Ungeniuliza." Hilo la mwisho lilinichoma kuliko matusi. Miaka yote ile niliwabebea karatasi na sikuwahi kuuliza hata mmoja wao kwa nini anataka anachotaka.

Kamati ilipokaa tena, Madamu Imakulata alikuwa ameniagiza nikate vipande vya karatasi ngumu, vyembamba, vya kufunika. Nilivikata mwenyewe, vimenyooka kama vya kiwandani. Kila kifungu walichokwisha kukubaliana alikisoma kwa sauti, kisha akasema, "Hiki kimefungwa," na kila mmoja akakifunika kwa kipande chake. Hiki kimefungwa. Hiki kimefungwa. Mara kumi. Mwisho kila mtu alikuwa na karatasi yenye dirisha dogo tu, na dirishani kifungu cha tano. Akawaambia ndiyo kanuni ya kamati hii, hatuna ruhusa ya kugusa kilichofungwa, tuko hapa kwa ajili ya kilichobaki.

Yule mama akasema habari ya kuchota maji. Seneta akasema habari ya bibi mmoja wa kijijini kwake ambaye paa lake lingeanguka ukifunga mfereji tu. Wakasikilizana. Kabla ya chakula cha mchana safu ya katikati ilikuwa imeandikwa: nyumba mpya ni lazima, nyumba ya zamani anaweza, mpaka siku atakapobadilisha paa. Ukiyasoma unaona ni maneno ya kawaida kabisa. Mimi nilikuwepo, kwangu si ya kawaida.

Maneno ya kamati yanarudi kwa pande zote mbili, na kila upande unapiga kura ya ndiyo au hapana. Nilimuuliza Madamu, je, upande mmoja ukisema hapana hata baada ya yote hayo? Akaniambia mswada unarudi kwa yule aliyeuleta tangu mwanzo. Nikamwambia hiyo ni aibu, kazi yote ile halafu mnarudi mikono mitupu. "Si aibu," akasema. "Ni kumwambia, jambo ni lako, sisi tulikusaidia mpaka tulipofika." Nilimwona anajitetea. Sikumwelewa mpaka wiki hii.

Sasa sisi.

Mlipotoka tu nilichora mistari miwili kwenye karatasi. Kushoto wewe, kulia mimi, katikati nyeupe. Nikaandika kila kitu tulichogombana. Kifungu cha kwanza, Goreti anakwenda Nairobi: wewe ndiyo, mimi ndiyo. Cha pili, akimaliza anarudi: ndiyo, ndiyo. Cha tatu, Keza asisahau Kinyarwanda wala Kiswahili cha nyumbani, hata wakimfundisha Kiingereza asubuhi mpaka jioni: ndiyo zote mbili, nilikusikia ukimwambia mama yako. Cha nne, mama yako asilie Nyabugogo mbele za watu: tumekubaliana sote na hakitatekelezwa. Nikakata vipande, nikafunika. Mkono haujasahau, vimenyooka. Kilichobaki dirishani ni kimoja, Keza anakwenda au anabaki. Siku kumi na nane nilidhani tunagombana juu ya kila kitu.

Nikaona na kitu kingine. Kuna kifungu ambacho hakikuwa hata kwenye karatasi, nilikileta mimi. Jinsi Keza alivyokuja. Hicho tulikifunga, Goreti. Unakumbuka nilinyamaza miezi miwili tumbo lako likikua, mpaka nikamwonea huruma mama yako, redio hii imefanya kazi miaka mingi. Kisha alizaliwa, ukamweka mikononi mwangu hujaniuliza kama nataka, na mimi ndiye niliyempa jina. Ukasema, "Papa, basi yamekwisha?" Nikasema yamekwisha. Nilikufungia mwenyewe kwa mdomo wangu. Halafu siku ile ya kikombe, nilipoona kifungu kilichopo kinanishinda, nikaenda kufungua kilichofungwa. Sawasawa na yule mama na kifungu cha pili, ila yeye alikuwa amedanganywa na mtu. Mimi sikudanganywa na mtu yeyote.

Nimekosa. Andika mahali tarehe ya leo, Venansi amesema amekosa, maana unajua haitokei kila mwaka.

Na mama yako umpunguzie kazi. Aliniambia, "Papa Goreti, binti yako anakusihi uende Nairobi kuwatembelea." Mimi ni mtu wa kazi hiyo, chumvi na sukari nazijua nikizisikia. Wewe ulisema, "Sijamkataza kuja." Nilikusikia kupitia ukuta. Nadhani na wewe alikuambia silali. Ni sukari hiyo, nalala. Usiku mmoja tu ndio sikulala.

Lakini kuna neno moja alilolileta bila kutia kitu, nililijua kwa sababu alilileta akiwa amesimama, akaliweka, akaenda zake. Alisema, "Goreti anasema hataki Keza amjue kwa simu, kama yeye alivyokujua wewe."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nilitangulia Kigali ukiwa na miaka miwili, nikawaacha Buyenzi. Nilijiambia nikipata nyumba nitawaita. Nilituma sabuni, nguo, viatu, viatu ambavyo kila mara vilikuwa vidogo kwa sababu nilikuwa nakukumbuka mguu wa zamani. Mlipokuja ulikuwa na miaka sita. Niliwapokea na gari la kukodi, shati jeupe, nikakununulia andazi. Ulilikubali, ukasema asante vizuri sana, kama mtoto anayemshukuru mtu wa barabarani. Usiku ule wa kwanza ukamuuliza mama yako, "Huyu mgeni ataondoka lini?" Mlidhani sikusikia. Nyumba zangu zote zimekuwa na kuta nyembamba.

Hadithi hiyo huwa naisimulia kama kichekesho, kwenye sherehe, watu wanacheka. Ni mara ya kwanza naiandika, na ikiandikwa haichekeshi.

Kwa hiyo upande wako nimeuelewa. Nikuambie na wangu, ule wa kweli, kwa sababu nilikuambia ni baridi ya Nairobi na si baridi. Keza nitamvika sweta tatu, baridi hainihusu. Ni hivi. Tangu nistaafu, kila asubuhi nambebea begi lake mpaka shule ya watoto pale juu. Yeye anatangulia, haniachi nimshike mkono, anasema, "Sogokuru, wewe shika begi." Nashika begi, babu mtiifu. Ndani kuna daftari na chupa ya maji, halina uzito wowote. Watu wa gereji wananisalimia, "Mzee Venansi, bado uko kazini?" Nasema bado. Nimebeba tangu nina miaka kumi, mwanangu. Akiondoka, asubuhi ya keshokutwa nitakuwa nimesimama hapa mlangoni mikono imening'inia. Hilo ndilo nililokuwa nalitetea. Sikuwa na ujasiri wa kulisema, nikasema baridi.

Basi nimeandika kwenye safu ya katikati. Nimeandika nusu tu. Safu ile haiandikwi na upande mmoja, hilo nalijua kuliko wewe, na hata ukisoma sheria miaka miwili bado nitakuwa nalijua kuliko wewe. Nusu yangu inasema: Keza anakwenda na mama yake. Nusu ya pili, juu ya likizo ndefu za shule na Gikondo na mzee mmoja asiye na begi, nimekuachia nafasi, mistari mitatu. Andika utakavyo. Ukiona mistari mitatu haitoshi, geuza.

Na kama huna la kuandika, au wino wangu haukufai, nimemwelewa Madamu Imakulata. Jambo linarudi kwa aliyelileta. Keza umemleta wewe. Niliwahi kukuambia hivyo kwa ubaya, sasa nakuambia kwa wema, jambo lilelile. Nitakubali, na sitanuna siku kumi na nane. Labda mbili.

Huko unakokwenda watakufundisha kuandika vizuri, najua, na siku moja utakaa na karatasi yako ya safu tatu kati ya watu wakubwa wanaonuniana. Kutakuwa na mtu wa chai. Mwulize jina lake. Usimwulize wanasemaje dirishani.

Nasikia sauti ya Keza kwa chini pale kwenye kona, anaimba, kwa hiyo nywele zimekwisha na hazijamuuma sana. Naharakisha. Karatasi ya safu tatu iko chini ya hizi. Kalamu nimeitia ndani ya kiatu cha kushoto cha Keza. Viatu vyenyewe ni vipya, nimevinunua kwa mguu wa sasa, nilimpima juzi akiwa amelala. Viko mlangoni, nimevigeuza vinatazama nje.

Kesho mpaka Nyabugogo begi lake nabeba mimi. Hicho nacho funika, kimefungwa.

Papa yako,
Venansi